Unahama, na Mbwa Je?

Gisenyi, hapa Rwanda, ni mji wa watu wanaohama. Goma ya Kongo iko hapo tu ng'ambo ya kizuizi cha mpaka. Mtu hupata kazi, mkataba ukaisha, biashara ikamvuta Kigali, na mwisho wa mwezi utaona lori getini likipakia vitanda na masufuria. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikatetemeka siku kadhaa, wengi wa wilaya yetu ya Rubavu walizikimbia nyumba zao. Aliyekimbia vile sina neno naye. Ninayemsema leo ni yule aliyejua mwezi mzima kwamba anahama, na siku ilipofika akamfungulia mbwa kamba, akapanda lori.

Mbwa yule mwanzoni habanduki getini. Siku ya kwanza analala. Ya pili anainuka kila gari likipita. Ya nne yuko jalalani, watoto wanamrushia mawe, na ipo siku atang'ata. Jino hilo huenda likabeba kichaa cha mbwa, nacho kikishatoa dalili kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Aliyefungua ile kamba asidhani amefungua kamba tu.

Utaniambia Kigali wapo wanaopokea wanyama. Wapo, lakini ni zaidi ya kilomita 150 za kona na milima, na nafasi zao ni za mbwa wasio na mwenyewe. Wako anaye.

Nchi hii haihitaji kufundishwa namna ya kumkabidhi mnyama. Wazee waligawiana ng'ombe, na katika mpango wa Girinka, tangu 2006, aliyepewa ng'ombe humpa jirani mtamba wa kwanza. Nani atampeleka ng'ombe kwa mtu bila kujua kama ana zizi? Basi na mbwa vivyo hivyo. Muulize jirani, muulize kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji, litaje jambo lako watu wakikusanyika baada ya kazi ya pamoja ya umuganda. Daktari wa mifugo wa sekta huenda anazijua nyumba zinazotaka mbwa wa ulinzi. Mwone pia kwa chanjo, umpe mpokeaji kadi mkononi. Na sema kweli. Kama huiba mayai, sema huiba mayai.

Ila usimlazimishe mtu. Wapo wazee ambao tangu mauaji ya kimbari ya 1994 hawataki mbwa karibu nao, kwa yale waliyoyaona juu ya maiti za ndugu zao. Na kwa jirani Mwislamu mate ya mbwa ni najisi. Huyo mpelekee paka, atampokea kwa maziwa.

Ukikosa kote huko, ndipo uwapigie simu wale wa Kigali wanaopokea wanyama.

Ukimpata mtu, mpeleke mbwa mwenyewe, pamoja na bakuli lake na gunia analolalia, wiki moja kabla ya lori. Mbwa hurudi. Akirudi ungalipo, utamshika na kumpeleka tena. Akirudi umekwenda, atamkuta mpangaji mpya na fimbo yake.