Ruzuku za utafiti si za "wenyewe": Gusii nayo ina maswali yake

Muulize kijana aliyesomea sayansi ya matibabu huku Kisii au Nyamira kwa nini hajawahi kuomba ruzuku ya utafiti. Jibu litakuja haraka: "Wacha bana, hizo ni za wenyewe." Wenyewe ni nani? Ni watu wa Nairobi, watu wa Kilifi, na wale walio na nambari ya profesa mzungu kwenye simu. Sisi wa huku milimani kazi yetu ni kufundisha vipindi vya kibarua, kupima damu kwenye maabara ya mtu na kungoja serikali itangaze ajira.

Maoni yangu ni kwamba jibu hilo ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inatunyima doo na majibu ya magonjwa yetu.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Pesa za utafiti huenda mahali ambapo tayari kuna mizizi. Taasisi ya KEMRI ilianzishwa 1979. Mradi wake wa Kilifi pamoja na Wellcome Trust umekuwepo tangu 1989. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipofanyiwa majaribio makubwa ya mwisho kati ya 2009 na 2014, vituo vya Kenya vilikuwa Kilifi, Kombewa na Siaya. Hapo palikuwa na malaria nyingi, lakini pia palikuwa na friji za sampuli, wahasibu wanaojua masharti ya wafadhili, na kamati za maadili zilizozoea kazi. Kisha angalia ufadhili wa uzamifu wa CARTA, ulioanza 2008 na unaoendeshwa kutoka Nairobi. Ni mzuri sana, ila unalenga wafanyakazi wa vyuo washirika, na kwa Kenya vyuo hivyo ni Nairobi na Moi. Kijana wa Kisii anaweza kuwa na akili ya kutosha na bado mlango ukawa umefungwa kabla hajabisha.

Kwa hivyo simlaumu anayelalamika. Ila asiishie hapo, kwa sababu nusu ya pili ya ukweli iko hapa karibu, tena unaifikia kwa matatu.

Vuka Borabu uingie Bomet. Huko kuna hospitali ya misheni ya Tenwek, mbali kabisa na jiji. Mwaka wa 2002 jarida la Lancet, mojawapo ya majarida makubwa zaidi ya tiba duniani, lilichapisha taarifa fupi kutoka kwa madaktari wa Bomet na wenzao: saratani ya umio ilikuwa ikiwapata watu wenye umri mdogo kuliko ilivyozoeleka kwingineko. Msingi wa taarifa ile ulikuwa kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali ya mashambani. Kuna mtu aliyeandika umri wa kila mgonjwa, na kuna mtu aliyegundua kwamba umri huo ulikuwa na jambo la kusema. Tangu hapo saratani ya umio katika ukanda wa Afrika Mashariki imevuta watafiti na fedha kutoka kote. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, huenda vinasababisha saratani hiyo.

Sasa ebu jiulize: sisi wa Nyamira, wakulima wa majani chai, tunakunywa chai yetu ikiwa na nyuzi ngapi? Nani amewahi kupima, kikombe kwa kikombe, nyumba kwa nyumba, kutoka Kebirigo hadi Nyansiongo? Kipimajoto cha aina hiyo si ghali, na daftari nalo si ghali. Kilichokosekana ni mtu wa kuliandika swali hilo likasomeka kwa mfadhili.

Mfano wa pili ni malaria ya milimani. Katika miaka ya 1990 nyanda hizi za Gusii zilipigwa na milipuko mikali. Huku juu kuna baridi, mbu huwa wachache, hivyo watu wazima hawana kinga kama ya majirani wa kando ya ziwa. Joto na mvua zikizidi kidogo, ugonjwa hauchagui mtoto wala mzee. Mwanasayansi wa KEMRI, Andrew Githeko, pamoja na wenzake, walitumia takwimu za joto na mvua kutengeneza mbinu ya kutabiri milipuko katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya miezi kadhaa kabla haijatokea. Sehemu ya kazi hiyo ilifadhiliwa na shirika la Kanada la IDRC. Mtafiti ni Mkenya, swali ni la milimani kwetu, na pesa zimetoka ng'ambo. Hivyo ndivyo ruzuku nyingi zinavyofanya kazi, na hakuna uchawi hapo.

Mfadhili, kwa kawaida, anataka kujua mambo matatu. La kwanza, swali lako linamuuma nani na kwa nini wewe ndiye wa kulijibu. La pili, una ushahidi gani, hata mdogo, kwamba swali lenyewe lipo. La tatu, pesa zikija zitashikwa na nani. Vijana wengi huandika kurasa kumi za utangulizi kuhusu malaria barani Afrika, kisha wanamaliza na aya moja kuhusu watakachofanya. Geuza. Mwanzo kabisa sema: wagonjwa wa aina hii, hospitali hii, kipindi hiki, na hiki ndicho ambacho hakuna anayekijua.

Na tafadhali, usianze na mlima. Ruzuku kubwa ya miaka mitano haipewi mtu ambaye hajawahi kushika ndogo ya mwaka mmoja. TWAS, akademia ya sayansi iliyoanzishwa 1983 na yenye makao huko Trieste, Italia, hutoa ruzuku za utafiti kwa wanasayansi wa nchi zinazoendelea. OWSD, iliyo papo hapo Trieste, huwafadhili wanasayansi wanawake. Dada zangu wa maabara, hiyo ni yenu, msiache ipite. Wakfu wa Science for Africa uko Nairobi, na vilevile Akademia ya Sayansi ya Afrika, iliyoanza 1985. Ulaya ina EDCTP, iliyoanza 2003 kwa ajili ya majaribio ya kimatibabu barani Afrika. Marekani ina Kituo cha Fogarty, cha tangu 1968. Kila mmoja una tovuti, na unaweza kujiandikisha upokee matangazo kwa barua pepe bila kulipa hata shilingi. Mtu akikuambia lipa ndipo akuonyeshe ruzuku, huyo ni tapeli.

Ukipata tangazo, soma masharti kabla ya kuota. Je, wanataka mwenye uzamifu? Wanataka mtu mwenye ajira ya kudumu chuoni? Kama hufai, usipoteze mwezi mzima. Kama unafaa, andika muhtasari wa ukurasa mmoja na umpe mtu asiye mwanasayansi ausome. Mama yako asipoelewa unatafuta nini, hata mkaguzi aliye London, mwenye maombi mengine arobaini mezani, atachoka. Kisha hesabu muda kurudi nyuma kutoka siku ya makataa: barua ya hospitali, sahihi ya chuo, bajeti. Kumbuka pia kuwa ukifaulu utahitaji idhini ya kamati ya maadili, halafu leseni ya NACOSTI, halafu ruhusa ya kaunti. Weka ada na miezi ya hayo yote ndani ya mpango wako, usije ukaanza kukimbizana na karatasi huku saa ya mfadhili inahesabu.

Ukikataliwa? Utakataliwa. Hata maprofesa wenye majina hukataliwa mara nyingi kuliko wanavyokubaliwa. Omba maoni ya wakaguzi, yasome hasira ikishatulia, rekebisha, peleka kwingine. Barua ya kukataliwa iliyo na maoni ni mafunzo ya bure.

Hapa nataka kugusa jambo ambalo hatupendi kulisema kwa sauti. Vijana wengi wa Kenya wenye digrii wanaishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu. Dunia inajua. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, imelionyesha hilo wazi. Wapo wanaoweza kumaliza mapitio ya utafiti wa kisukari kwa usiku mmoja, kwa Kiingereza kilichonyooka, halafu jina la mtu mwingine linawekwa juu. Sitawahubiria, kodi ya nyumba hailipwi kwa mahubiri. Ila nauliza: ujuzi huo huo, subira hiyo hiyo ya usiku, kwa nini usiuweke mara mbili kwa mwaka kwenye ombi lenye jina lako na la hospitali ya kwenu? Anayesema vijana wetu hawawezi kuandika hajui nani anaandika.

Lakini kijana peke yake hatoshi, na hapa lawama inahama. Wafadhili wengi hawatumi pesa kwa mtu binafsi. Wanatuma kwa taasisi. Ruzuku za Marekani, kwa mfano, zinataka chuo chenyewe kiwe kimesajiliwa kwenye mifumo yao kabla ombi halijapokelewa, na usajili huo unaweza kuchukua wiki nyingi. Kama chuo hakina ofisi inayojua hayo, mhadhiri kijana anagundua siku tatu kabla ya makataa kwamba hakuna wa kubonyeza kitufe cha kutuma. Hiyo ni noma, na haina uhusiano wowote na akili yake.

Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake 2013, mwaka ule ule kaunti zilipoanza kazi. Kisii ina hospitali ya rufaa na mafunzo. Nyamira ina hospitali yake ya rufaa. Kwa pamoja wana wagonjwa, maabara, wahadhiri na wanafunzi. Pendekezo langu ni dogo: wawe na ofisi moja ya ruzuku ya pamoja, yenye mhasibu mmoja na mtu mmoja wa kusoma na kurekebisha maombi, aliyelipwa kwa kazi hiyo. Kisha kila kaunti itenge ruzuku kumi za Sh200,000 kwa mwaka kwa watafiti chipukizi. Hizo ni Sh2 milioni. Kwa kaunti, hiyo si pesa ya kuogopesha. Kwa kijana, ni ule ushahidi wa kwanza ambao mfadhili mkubwa anauliza.

Na Nairobi nayo isikae kimya. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Tumezoea kwamba wageni watalipa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na 2025 imetuonyesha. Marekani ilisitisha misaada yake ya nje mwezi Januari, na kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Mwezi Mei, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kusimamisha utaratibu wa zamani ambapo chuo cha Marekani kinapewa ruzuku kisha kinamgawia mshirika wa nje. Kwa Kenya, ambako utafiti mwingi ulipitia njia hiyo, lilikuwa pigo.

Wengine wanasema basi huu si wakati wa kuanza, pesa zimepungua na wakongwe wanazigombania. Mimi naona kinyume. Njia ya kuwa mshirika mdogo chini ya mzungu ikiziba, atakayebaki uwanjani ni mwenye swali lake, daftari lake la wagonjwa na ofisi inayojua kujaza fomu kwa jina la chuo chake. Wa Tenwek walianza na kumbukumbu za wagonjwa wao. Za kwetu zipo kwenye rafu za hospitali za Keroka, Manga na Ekerenyo, zimejaa vumbi. Omba ruhusa, zifungue, uanze kuhesabu.