Tukifika Ise, Tupige Makofi?

Mkatoliki aliyepata nafasi ya kusoma au kutembea Japani akafika kwenye hekalu la kale la Ushinto, je, aingie? Na akiingia, afanye wanayofanya wengine?

Tuchukue Ise, mahali patakatifu kuliko pote kwa Washinto, anapoabudiwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Hekalu lake la mbao hujengwa upya kila baada ya miaka 20; mara ya mwisho ilikuwa 2013. Hujaji huvuka daraja la mto Isuzu, hunawa mikono na kusukutua kinywa, kisha husimama mbele ya pazia jeupe asilolivuka. Huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huomba, huinama tena. (Utulivu wa namna hiyo ungetufaa sisi tunaopokea simu kanisani.)

Kuingia si dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la 1965, ulitutaka tuheshimu yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini nyingine. Lakini makofi yale si hodi ya mgeni. Ni sala, nayo ina anayeelekezewa. Anayeyapiga ili apigwe picha hajamheshimu Mshinto, ameigiza ibada yake.

Wapo watakaotukumbusha kwamba mwaka 1936 Roma iliwaruhusu Wakatoliki wa Japani kuinama mahekaluni. Ni kweli. Miaka minne kabla, wanafunzi Wakatoliki wa Chuo Kikuu cha Sophia, Tokyo, walikataa kuinama katika hekalu la Yasukuni, na chuo kikaingia matatani. Ila ruhusa ile ilisimama juu ya kauli ya serikali yenyewe, kwamba tendo hilo lilikuwa la uzalendo, si la dini. Desemba 1945 mahekalu yalitenganishwa na dola, na leo ni taasisi za dini kisheria. Uzalendo huo haumhusu mgeni kutoka Songea.

Kinachotusumbua zaidi ni omamori, vifuko vya kitambaa vinavyotolewa hekaluni kwa ajili ya ulinzi, mitihani au uzazi salama. Muumini ambaye nyumbani angeikimbia hirizi ya mganga huichukua hii kwa kuwa imedariziwa vizuri, akamfungia mwanawe kwenye begi la shule. Kama ni zawadi anatafuta, picha ya lile daraja la Isuzu inatosha.