Tusidharau Utafiti wa Magugu

Wakulima wenzangu huniuliza: mbona wataalamu huchunguza magugu, na sisi twataka mbegu? Sikilizeni.

Chembe ya mmea wa mahindi ina nyuzi 20 za urithi, yaani kromosomu. Kila uzi una kishikio cha kuvutiwa chembe inapogawanyika. Kazi ya kishikio ni moja katika mimea yote, lakini maandishi yake hubadilika upesi: mahindi hurudia herufi 156, mpunga 155.

Mwaka 2010, huko California, Ravi na Chan waligeuza protini ya kishikio katika gugu Arabidopsis. Walipolizalisha na la kawaida, baadhi ya watoto walipata nyuzi za mzazi mmoja tu. Nyuzi hizo zikifanywa maradufu, mbegu ya ukoo safi hupatikana bila kungoja vizazi vingi.

Basi, anayecheka gugu leo asilalamike mbegu ikichelewa kesho.