Mtoto wa kiume akikojoa kwa matone, mwahishe hospitali

Msomaji, ukiona mtoto wako wa kiume anakojoa kwa matone au kwa kujikamua, na chini ya kitovu kumevimba, usikubali kuambiwa akikua itaisha. Huenda amezaliwa na utando unaoziba njia ya mkojo. Ni tatizo adimu la wavulana tu, lakini mkojo usiopata njia huharibu figo.

Mabingwa huukata utando huo kwa kifaa chembamba chenye kamera, kinachopitishwa kwenye njia hiyohiyo ya mkojo bila kupasua tumbo. Pasipo na kifaa cha saizi ya mtoto mchanga, hutobolewa tundu kwanza tumboni mkojo utokee hapo, kisha upasuaji mwingine ufuate. Kwa hiyo vifaa hivyo vidogo si anasa kwa hospitali zetu za rufaa. Nawe, baada ya matibabu, usiache kliniki: figo hufuatiliwa kwa miaka.