Mwiba Hutokea Ulipoingilia: Mwindaji na Mvuvi Katika Ulinzi wa Mali ya Taifa

Ndugu msomaji, wazee walisema kwamba mwiba hutokea pale ulipoingilia. Juma hili tuutumie usemi huo kulitazama jambo ambalo wengi hudhani ni kazi ya askari wa hifadhi peke yao, yaani ulinzi wa wanyama wa porini na samaki wa maziwani. Hoja yangu ni moja: ulinzi huo hautadumu ikiwa mtu wa tanzi na mtu wa wavu hawakuingizwa katika safu ya walinzi. Na jiko lako, ndugu msomaji, limo katika safu hiyo.

Tuanze na milima ya Virunga. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimuua gorila dume aliyeitwa Digit, mmoja wa wale waliochunguzwa na Dian Fossey katika kituo cha Karisoke. Habari hiyo ilisikika duniani kote. Lakini si kila gorila hufa kwa mkuki. Tanzi hutegwa kwa ajili ya pongo na funo, wanyama wa kitoweo. Gorila mchanga akipita hapo hunaswa mkono au mguu, na jeraha likioza, hufa. Mwaka 2012 tanzi lilimuua gorila mchanga aliyeitwa Ngwino. Siku chache baadaye gorila wengine wawili wadogo, Rwema na Dukore, walionekana wakiharibu tanzi jingine kwa mikono yao wenyewe.

Basi aliyetega tanzi hakuwa akimtafuta gorila. Alikuwa akitafuta nyama, au fedha ya nyama. Jambo hilo alilitambua Ndugu Edwin Sabuhoro, aliyekuwa mtumishi wa hifadhi hiyo. Alijifanya mnunuzi ili kumwokoa mtoto wa gorila aliyekuwa akiuzwa, na wauzaji wakatiwa mbaroni. Angeweza kuishia hapo, maana kazi ya sheria ilikuwa imetimia. Lakini aliwaendea wafungwa wale na kuwauliza sababu ya kitendo chao, nao wakamjibu kwamba nyumbani kulikuwa na njaa. Akaanza kuzisaidia familia za namna hiyo kupata mashamba na mbegu, na hatimaye kikazaliwa karibu na hifadhi kijiji cha utamaduni, ambamo majangili wa zamani huwapokea wageni kwa ngoma na hadithi, wakapata riziki ya halali.

Wengine miongoni mwa watu hao wamekuwa wabeba mizigo na wafuatiliaji wa nyayo. Hapo ndipo mwiba unapotokea. Nani ajuaye kama wao njia ya pongo kuelekea majini, au mti mchanga uliopindwa kwa hila chini ya majani? Askari aliyetoka mkoa mwingine huhitaji miaka kujifunza elimu hiyo, na mwindaji aliipokea kwa baba yake.

Matunda yameonekana. Mwaka 1981 gorila wa Virunga walihesabiwa 254 tu. Katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walifika 604. Sifa ni ya wengi: askari wa doria, madaktari wa wanyama, na pia wanavijiji. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii hurudishwa kwa wakazi wa kandokando ya hifadhi zetu, nayo ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10 mwaka 2017. Mkulima aliyepata darasa au maji kwa fedha hiyo anayo sababu ya kumfichua mwenye tanzi.

Majirani zetu wamefuata njia mbalimbali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huuza vibali, na ada ya mwindaji mgeni husaidia kuyatunza mapori. Nchi yetu ni ndogo na watu ni wengi. Mwaka 1997 Hifadhi ya Akagera yenyewe ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili wananchi waliorejea wapate pa kuishi. Kwa hiyo kwetu mwindaji hutakiwa kwa maarifa yake, si kwa mkuki wake.

Sasa tushuke Ziwa Kivu, ambako mvuvi huruhusiwa kuvua, ila kwa utaratibu. Sambaza tunaowapenda si wenyeji wa ziwa hilo. Waliletwa kutoka Tanganyika kuanzia mwaka 1959. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa muda wa miezi miwili hivi, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa ushirika anayeufunga mtumbwi wake katika miezi hiyo, huku watoto wakidai karo, anatoa sadaka kwa taifa zima. Naye hula hasara maradufu jirani yake anapoingia usiku na kaningini, wavu wa matundu madogo unaokokota hata samaki wachanga. Polisi wa majini hawawezi kuwa katika kila ghuba. Jicho la mvuvi mwaminifu ndilo linalowafikia.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwabembeleza wahalifu. Sivyo. Anayerudia tanzi baada ya kupewa jembe, na afikishwe mahakamani. Lakini tukumbuke kwamba Watwa na wengineo waliotolewa misituni walipoteza chakula chao kabla ya kuitwa majangili. Adhabu bila riziki hujaza gereza tu, na msitu haupati mlinzi.

Tumalizie nyumbani, hasa katika nyumba za askari. Mtu akibisha mlango wa uani akiwa na nyama iliyofungwa kwa majani ya mgomba, bei ikiwa rahisi na asili haijulikani, usinunue, toa taarifa. Itakuwa aibu gani mume kuwa doria akitafuta matanzi, huku chungu chake kikichemsha alichonasa jangili! Ziwa likifungwa, kataa sambaza wabichi wa wizi. Mama mwenye kupanga mambo huanika sambaza mapema, akawahifadhi mahali pakavu, na katika miezi ya mapumziko hutumia maharage, mayai, au samaki wa mabwawa.

Mwenye tanzi hutega kwa sababu yuko mnunuzi. Tukikosekana sisi wanunuzi, itakuwa rahisi kwake kulishika jembe, na kesho kumwongoza askari hadi pale alipotega jana.

Panapo majaliwa, tutaonana juma lijalo.