Wekundu, Manazi na Uyoga: Nani Kawaambia Wote ni Sawa?

Najua majaribio yametubana wiki hii na kuna kazi ya kikundi ambayo hakuna anayetaka kuianza, lakini hili jambo nikilinyamazia sitalala. Tangu gemu la Metro lizunguke mabwenini kwa fleshi, kila usiku ni mabishano. Kuna timu Wekundu. Kuna timu ya wanaosifia sare nyeusi za Reich, eti "jamaa wana nidhamu". Na kuna kundi la tatu, kubwa kuliko yote, linalojiona lina busara kuliko wengine: "Aah, wote sawa tu, siasa ni siasa."

Leo nina ugomvi na hili kundi la tatu. La pili nitalipitia kidogo njiani.

Kwanza kwa wasioijua stori. Mwandishi ni Dmitry Glukhovsky, Mrusi aliyezaliwa Moscow mwaka 1979. Alianza kuitoa riwaya ya Metro 2033 bure kwenye intaneti mwaka 2002, ikachapwa kitabu mwaka 2005. Gemu lilitoka mwaka 2010, likafuatiwa na Last Light mwaka 2013. Ndani ya hadithi, mabomu ya nyuklia yaliteketeza dunia mwaka 2013, na waliopona ni wale waliokuwa kwenye treni za chini ya ardhi za Moscow. Miaka 20 baadaye bado wako humo humo. Wanakula uyoga na nguruwe, wanakunywa chai ya uyoga, na pesa yao ni risasi. Ukifyatua risasi unatupa fedha, jamani! Hebu fikiria vita ambayo kila mlio ni mshahara wa mtu.

Humo gizani watu wamegawana vituo. Wakomunisti wameshika njia ile ambayo hata kwenye ramani halisi ya Moscow imechorwa kwa rangi nyekundu. Mafashisti, wanaojiita Reich ya Nne, wana vituo vitatu tu: Pushkinskaya, Tverskaya na Chekhovskaya. Wafanyabiashara wa Hansa wameshika njia ya mduara, kwa hiyo ukitaka kwenda upande wowote lazima ukanyage kwao, na ukikanyaga unalipa.

Haya, sasa tuje kwenye "wote sawa".

Hoja yenu naijua. Wekundu wanaua, Manazi wanaua. Wote wana mabango, wote wana hotuba, wote wana vijana wanaotumwa kufa kwenye mahandaki. Ni kweli, wala sibishi. Na mimi si Mwekundu. Kwenye Last Light ni Wekundu hao hao wanaoachia ugonjwa kwenye kituo kizima cha watu. Kwenye Metro 2035, kitabu cha mwaka 2015, uyoga unaingiwa na maradhi, njaa inakamata upande wa Wekundu, na raia wao wenyewe wanamiminiwa risasi. Chama cha wenye njaa kinawapiga wenye njaa. Hakuna wa kumtetea hapo.

Lakini msomeni Vanechka. Huyu hayumo sana kwenye midomo yenu kwa sababu mmecheza gemu na kitabu hamjafungua. Vanechka ni kijana mwenye ulemavu wa akili, anatembea na mzee anayemlea. Wanafika kwenye kituo cha Reich pamoja na Artyom, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu. Ofisa wa kifashisti anamtazama Vanechka, anaona ana kasoro, anamuua. Basi. Hakuiba, hakupinga, hakusema neno. Artyom anamfyatulia risasi yule ofisa, na kwa hilo anahukumiwa kunyongwa. Waliokuja kumtoa kwenye kitanzi ni kikosi cha wapiganaji wa kikomunisti.

Sasa niambieni: pale kituoni, kati ya aliyefunga kitanzi na aliyekikata, wote sawa?

Tofauti ni hii. Kwa Wekundu unaweza kufa kwa ulichosema, au kwa njaa ambayo wakubwa hawataki isemwe. Kwa Reich unakufa kwa jinsi ulivyozaliwa. Mauti ni mauti, nakubali. Lakini anayeogopa kuuawa kwa kauli anaweza walau kufunga mdomo, hata kama ni unyonge. Vanechka angefunga nini? Uovu wa aina mbili unahitaji dawa za aina mbili, na daktari anayeandika "wote wanaumwa" halafu akaenda kunywa chai, huyo si daktari. Nyie wa "nidhamu na sare", hiyo nidhamu mnayoisifia kazi yake ni hii. Mwenzetu anayesomea elimu maalumu akija kufundisha wanafunzi kama Vanechka, mtamwambia nini?

Halafu kuna kejeli ambayo mwandishi ameiweka wazi. Treni hizi zilifunguliwa mwaka 1935, na mwaka 1941 wakazi wa Moscow walishuka humo humo kujificha mabomu ya Hitler. Vituo vilivyowaficha babu zao dhidi ya Manazi, wajukuu wanapeperusha humo bendera ya Kinazi. Walifikaje hapo?

Na hapa, watu wa Elimu, ndipo ninapotaka mnisikilize. Askari wa miaka 18 anayelinda handaki mwaka 2033 alizaliwa chini. Hajawahi kuona jua. Berlin haijui, Lenin hamjui. Chuki hakuzaliwa nayo, kuna mtu alimkalisha chini akamfundisha. Alimfundisha kusoma, halafu akachagua cha kumsomesha. Huyo mtu ana jina la kazi yake: mwalimu. Bunduki walizikuta ghalani, lakini askari wametengenezwa darasani. Tukitoka hapa na vyeti vyetu tukaenda kuwaambia watoto "siasa ni siasa, wote sawa", tutakuwa tumewaacha mikononi mwa mwalimu mwingine ambaye hana haya ya kuchagua upande.

Mtaniambia, "lakini vita vya panzi furaha ya kunguru." Kweli! Hansa inauza kwa huku na inauza kwa kule. Na kwenye Metro 2035 (asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii) inafichuka kuwa serikali ya zamani haikufa, imejificha inawachezesha wote, na inazuia mawasiliano ya redio ili watu wasijue kuwa huko nje dunia bado ina watu. Artyom anawapelekea ukweli. Wanagoma kutoka! Wamezoea giza. Hivi mnadhani kunguru anamlisha nani? Anamlisha anayesema wote sawa, kwa sababu huyo hatatafuta tofauti, hatauliza nani analipwa, na hatasimama. Methali inatuonya tumwangalie kunguru. Haikusema tumsahau panzi anayetafuna wenzake.

Mwisho, mwangalieni mwandishi mwenyewe. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Glukhovsky hakusema wote sawa. Alisema waziwazi nani kavamia nani, na Agosti 2023 mahakama ya Moscow ikamhukumu miaka 8 jela bila yeye kuwepo. Kampuni iliyotengeneza gemu, 4A Games, ilianzia Kyiv. Na mwaka huo huo wa 2022, watu wa Kyiv na Kharkiv walilala na watoto wao kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, magodoro sakafuni, mabomu juu. Mchezo wa vijana wao ukageuka kitanda chao. Ukimwambia mama aliyelala pale "wote sawa tu, siasa ni siasa", atakujibu nini?

Chezeni gemu, sikatazi. Pigeni risasi mpaka alfajiri. Ila likija suala la nani ni nani, fikirini kwanza, msikimbilie jibu linalowaruhusu kulala. Tena kitabu ninacho kwenye fleshi, atakayesema hana pa kukipata anatafuta kisingizio.

Nawasilisha. Wa kubisha aje na hoja, siyo na sare!