Mama, Waambie Binti Zako

Wengi wetu hapa Mollo hatujashika raketi ya tenisi. Hata hivyo, maisha ya Chris Evert wa Marekani yana funzo kwa kila nyumba yenye mabinti.

Mama huyu wa watoto watatu alishinda mataji 18 ya mashindano makubwa ya tenisi, 7 kati yake huko Ufaransa. Mwaka 1989, akiwa na miaka 34, aliacha kucheza, kisha akaanza kazi ya pili: kutangaza na kuchambua tenisi katika televisheni. Mwaka 2011 alijiunga na kituo cha ESPN.

Mdogo wake, Jeanne, naye mchezaji wa tenisi, alifariki Februari 2020 kwa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Vipimo vyake vilipoangaliwa upya, ilibainika kwamba alikuwa na kasoro ya kurithi iongezayo hatari ya ugonjwa huo. Familia ikaarifiwa. Chris akapimwa, akakutwa nayo. Desemba 2021 alifanyiwa upasuaji wa kujikinga; kumbe saratani ilikwisha kuingia, ila ilikuwa bado changa. Januari 2022 aliutangazia ulimwengu, akiwahimiza wanawake wajue historia ya familia zao. Saratani ilirudi Desemba 2023, akatibiwa tena, na mwaka 2024 akarudi kutangaza.

Je, sisi? Mama akifariki, twasema, "Tumbo lilimsumbua," basi. Binti anabaki hajui kilichomwua mama yake wala shangazi yake. Tunadhani tunatunza heshima ya marehemu, kumbe tunawanyima walio hai kinga. Kasoro hii hupita hata kwa baba, kwa hiyo ulizeni pande zote mbili.

Saratani ya ovari huja kimyakimya. Tumbo hujaa gesi, mtu hushiba upesi, nyonga huuma, mkojo humbana mara kwa mara. Mara nyingi dalili hizi ni za maradhi madogo. Lakini zikidumu majuma mawili au matatu, usiseme, "Ngoja tuvune mahindi kwanza." Nenda hospitali, na umweleze daktari ndugu zako waliugua nini. Atakayehitaji matibabu makubwa huweza kupewa rufaa hadi Ocean Road, Dar es Salaam.

Jioni ya leo, mkichambua maharage, mwambie binti yako bibi yake alifariki kwa ugonjwa gani. Kama hujui, waulize wazee wangali hai.